Chai ya alasiri katika hoteli za Kampala: onja buli kabla ya keki

Stendi ya ghorofa tatu ikitua mezani, simu zote hutoka mifukoni. Sandwichi chini, skonzi katikati, vikeki juu, na nyuma yake bustani ya Nakasero ikiwaka jua la saa kumi. Picha hutoka nzuri. Kisha mtu anainua buli na kumimina, na kikombeni inashuka chai iliyopauka, haina harufu, haina nguvu, na imeshaanza kupoa.

Hiyo ndiyo kasoro kubwa ya chai ya alasiri Kampala, na inafaa kusemwa wazi kwa sababu mambo mengine mengi yamekuwa mazuri. Wapishi wa keki wa mji huu wamekomaa. Wahudumu ni wakarimu na hawakufukuzi mezani. Bustani zetu ni za kijani mwaka mzima. Lakini mteja amelipia chai, na chai ndiyo inayotengenezwa kwa haraka kuliko vyote. Kwa hiyo tunaanza na buli.

Uganda ni nchi ya chai. Miche ya kwanza ilipandwa katika bustani ya mimea ya Entebbe mwaka 1900, na leo mashamba yametanda Bushenyi, Kabarole, Kyenjojo, Kanungu, Mityana na Mukono. Sehemu kubwa ya mavuno huteremka hadi mnada wa Mombasa na kutoka hapo kwenda ng'ambo. Karibu yote ni ya mtindo wa CTC: jani hupondwa, huchanwa na kuviringishwa na mashine mpaka linakuwa punje ndogo nyeusi kama ulezi. Chai ya namna hii hutoa rangi na ukali upesi, na inabeba maziwa bila kuzidiwa. Si chai ya kunusa maua, lakini pembeni ya skonzi yenye krimu na jamu hakuna inayoishinda, kwa sababu ukali wake ndio unaosafisha mafuta mdomoni.

Sasa fungua menyu ya chai ya hoteli. Mara nyingi utaletewa kisanduku cha mbao chenye vifuko vya kuagizwa kutoka nje: Earl Grey, English Breakfast, kamomili. Ndani ya vifuko vingi vya namna hiyo mna vumbi la chai, lile lililobaki baada ya madaraja makubwa kuchujwa. Hutoa rangi ndani ya dakika moja, kisha uchungu. Anayependa Earl Grey aagize bila aibu. Ila muulize mhudumu: mna chai ya majani, ya hapa nchini? Hoteli ambayo mhudumu wake anaweza kujibu kwamba majani haya ni ya Bushenyi au ya Fort Portal, na akakuletea buli lenye kichujio, imeshapata nusu ya alama kabla hujagusa keki.

Nusu nyingine iko kwenye maji. Kampala iko kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji huchemka kwa nyuzi 96 hivi, si 100. Chai nyeusi inataka maji ya moto kadiri yanavyoweza kupatikana, kwa hiyo hapa tunaanza tukiwa tumeshapungukiwa nyuzi nne. Zilizobaki hazifai kupotezwa hata moja. Lakini angalia zinavyopotea. Maji hukaa kwenye tangi la umeme pale kaunta, ambalo huyaweka moto tu bila kuyachemsha. Humiminwa kwenye buli la kauri lililotoka kabatini likiwa baridi, nalo linakunywa joto. Kisha buli hubebwa hatua hamsini mpaka bustanini, na kifuko kimewekwa pembeni kwenye kisahani ili mteja akitumbukize mwenyewe. Kinapoingia, maji yameshashuka chini ya nyuzi 85. Ukisubiri dakika kumi bado utapata chai dhaifu, kwa sababu muda haufidii joto.

Dawa yake ni rahisi na hakuna hoteli nzuri itakayokataa. Mwambie mhudumu kwa upole: "Ssebo (yaani bwana), naomba buli lisuuzwe na maji ya moto kwanza, majani yatangulie ndani, kisha maji yamiminwe yakiwa yanachemka." Kiasi ni gramu mbili na nusu hivi kwa kikombe kimoja; buli la nusu lita linataka vijiko viwili vidogo vya CTC, na kimoja kikijaa zaidi haidhuru. Funika. Dakika tatu zinatosha, nne ukiweka maziwa mengi. Zikipita tano, punje za CTC zinaanza kutoa ukakasi unaokausha ulimi, na ndiyo maana buli la majani lisilo na kichujio cha kutoa ni tatizo: kikombe cha kwanza kitamu, cha tatu kama dawa. Mahali panapojua kazi hukuletea mabuli mawili, moja la chai na moja la maji ya moto ya kuizimua. Ukikuta hilo, umefika.

Ishara ya haraka ni kufunua kifuniko. Majani yakiwa yamezama na mvuke unakupiga usoni, tulia. Yakiwa yanaelea juu yamekauka mgongo, maji hayakuwa moto. Rudisha buli uletewe jingine, lenye majani mapya.

Maziwa nayo yana mambo yake. Hapa Uganda maziwa ya pembeni huja moto, na kwa chai kali ya CTC hilo ni sawa, tena zuri, mradi yamepashwa tu, hayakuchemshwa mpaka yakafanya utando. Maziwa ya pakiti yanayokaa miezi bila friji yana ladha ya kupikwa ambayo huiburuza chai chini. Ya kawaida ya friji ni bora zaidi. Na usidharau mstari wa menyu ulioandikwa "African tea". Hiyo ni chai iliyopikwa pamoja na maziwa, mara nyingi na tangawizi, na mikahawa ya Kampala huipika vizuri kuliko wanavyopika chai ya buli, kwa sababu wanaijua tangu utotoni. Pamoja na sandwichi na sambusa inakaa vizuri sana. Pamoja na keki tatu za krimu inalemea.

Kuhusu jina: menyu nyingi za Kampala huiita huduma hii "high tea". Kule Uingereza jina hilo lilikuwa la chakula cha jioni cha wafanyakazi, chenye nyama na mkate. Hii ya stendi ni chai ya alasiri, desturi inayohusishwa na mke wa Duke wa Bedford, mkabaila wa Kiingereza, aliyeshindwa kuvumilia njaa kati ya mlo wa mchana na wa usiku, miaka ya 1840. Hoteli ikikuandikia jina moja au jingine haijalishi, ila uliza kama ni stendi ya kila meza au ni bufee. Vitu viwili tofauti kabisa. Kwenye bufee sandwichi zimekaa wazi tangu saa tisa.

Na sandwichi haivumilii hewa. Mkate uliokatwa maganda huanza kujikunja pembe baada ya dakika ishirini hivi usipofunikwa kwa kitambaa chenye unyevu. Ya tango ndiyo kipimo cha jikoni, kwa sababu haina pa kujifichia: tango likatwe jembamba mpaka lipitishe mwanga, linyunyiziwe chumvi, liachwe dakika kumi litoe maji, likaushwe kwa kitambaa, na mkate upakwe siagi hadi ukingoni ili maji yasipenye. Jikoni ikiruka hatua ya chumvi, mkate wa chini unakuwa uji. Kosa la pili ni mkate wenyewe. Mkate mwingi wa dukani hapa una sukari, na yai au samaki juu ya mkate mtamu havipatani. Hoteli inayooka mkate wake hujulikana kwa tonge la kwanza. Mtu mmoja ategemee vidole vinne au vitano vya sandwichi, skonzi mbili ndogo na vikeki vitatu au vinne. Pungufu ya hapo, bei iwe pungufu pia.

Skonzi ndiyo roho ya stendi, na hapa tukae kidogo. Si ile skonzi ya kibandani tunayoijua, laini ya hamira, ya kunywea chai ya asubuhi. Hii haina hamira. Huinuliwa na beking pauda, na siagi baridi hufikichwa ndani ya unga mpaka uwe kama makombo. Donge lake halikandwi. Hukusanywa tu, husukumwa nene kiasi cha sentimeta mbili na nusu, hukatwa kwa kikato kikali kinachoshuka wima bila kuzungushwa, na kuingia kwenye tanuri kali la nyuzi 220 kwa dakika kumi na mbili hivi. Ikitoka, ubavuni ina ufa wa asili, kama mdomo uliofunguka kidogo. Huo ufa ndio mlango: unaifungua kwa mikono, bila kisu, na inaachana vipande viwili sawa, mvuke ukitoka.

Sasa makosa. Iliyoinama upande mmoja, kikato kilizungushwa. Ngumu kama mkate wa juzi, donge lilikandwa. Inayokauka kinywani na kumeguka ukiigusa ni ya asubuhi au ya jana. Na ile ambayo ni moto sana nje dakika moja, kisha inakuwa kama mpira, imepashwa kwenye maikrowevu. Hii ya mwisho ndiyo inayosumbua zaidi Kampala, na chanzo chake ni mpangilio wa huduma: stendi nzima hupangwa mapema, skonzi zikapoa juu yake, mteja akilalamika zikapashwa haraka. Omba tangu mwanzo skonzi ziletwe peke yake, zikitoka tanurini, baada ya sandwichi. Ghorofa ya katikati ibaki tupu robo saa, hakuna atakayekufa. Kanuni ya kula kutoka chini kwenda juu ni nzuri, lakini skonzi ya moto haingoji kanuni. Ikifika, acha sandwichi.

Krimu ya kupaka juu ni sehemu ngumu. Ile ya asili ya Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, nzito na yenye ganda la manjano, lazima iwe na mafuta asilimia 55 au zaidi, na hairahisishwi: krimu hupashwa polepole kwa saa nyingi kwenye chombo kipana, kisha hupozwa na ganda la juu huenguliwa. Wapishi wachache huitengeneza wenyewe hapa kwa kuacha krimu nzito kwenye tanuri la nyuzi 80 usiku kucha. Wengi hutoa krimu iliyopigwa, na hiyo inakubalika kama ni ya ng'ombe. Isiyokubalika ni ile ya mafuta ya mimea inayouzwa kwa keki za harusi. Utaijua: ni nyeupe pee, imeshatiwa sukari, inasimama wima juani saa nzima bila kutoa jasho, na inaacha utando wa mafuta kwenye kaakaa. Nchi yenye maziwa ya Mbarara na Kiruhura haina sababu ya kumpa mgeni krimu ya mafuta ya mimea kwa bei ya hoteli. Uliza, na ukiambiwa ndiyo hiyo tu, omba siagi. Skonzi ya moto na siagi nzuri ni heshima kubwa kuliko krimu ya uongo.

Kwa upande wa jamu, stroberi ya chupa ya kuagizwa hushindwa waziwazi na jamu ya nanasi au ya pasheni iliyopikwa jikoni. Pasheni hasa, kwa uchachu wake, inakata krimu vizuri. Kuna wanaobishana kipi kitangulie: Devon, jirani ya Cornwall, huanza krimu; Cornwall huanza jamu. Skonzi ikiwa moto, anza na jamu, maana krimu ya chini huyeyuka.

Keki za juu tuzipitie haraka, kwa kuwa ndizo zinazofanywa vizuri zaidi. Angalia tu mbili. Ekleri inayonyooka laini kama ulimi ilikaa kwenye friji usiku. Ganda lake linatakiwa livunjike. Na kitu chochote kinachodai kuwa na vanila kionyeshe chembe nyeusi ndogondogo: Uganda ni miongoni mwa wakulima wakubwa wa vanila duniani, na maganda yake yanatoka Mukono, Kayunga na Bundibugyo, si mbali na meza yako.

Waislamu wana maswali matatu ya kuuliza wakati wa kuweka nafasi, si mezani. Jeli iliyogandisha mousse na vikeki vya vikombe ni ya nini, ya ng'ombe halali, ya nguruwe au ya mwani? Sandwichi za nyama na zile za tango zinakatwa kwenye ubao mmoja? Na kuna keki iliyonyunyiziwa pombe, kama tiramisu? Jikoni za hoteli kubwa huzoea maswali haya na hubadilisha kipande bila malipo ya ziada zikijua siku moja kabla. Swala ya alasiri nayo huingia karibu na saa kumi, kwa hiyo meza ya saa kumi na nusu ni bora kuliko ya saa tisa na nusu, ambapo utalazimika kuinuka chai ikiwa imewiva.

Mahali pa kukaa? Kwa bustani ya mjini, Kampala Serena kwenye Kintu Road, ile Nile Hotel ya zamani iliyofunguliwa upya mwaka 2006, ina maji na miti inayozima kelele za barabara mpaka ukasahau uko katikati ya jiji. Sheraton, iliyoanza mwaka 1967 kwa jina la Apolo Hotel, ina bustani pana ya mteremko inayofaa familia zenye watoto. Speke Hotel ni ya veranda na ya kutazama watu wakipita. Nenda huko kwa chai na mazungumzo zaidi kuliko kwa stendi. Speke Resort ya Munyonyo inakupa ziwa, na upepo wake wa alasiri ni mtamu, lakini kaa mbali kidogo na ukingo: usubi wa ziwani hupanda kama moshi jioni na hutua moja kwa moja kwenye krimu. Entebbe ni safari ya kilomita 40 hivi, ukipita barabara ya kulipia ni shilingi 5,000 kwa gari dogo kila upande, na inafaa ukiunganisha na matembezi ya bustani ya mimea, palepale chai yetu ilipoanzia. Popote uendapo, orodha na siku za huduma hubadilika, piga simu kwanza.

Kwenye simu hiyo uliza bei kwa maneno haya: ni kwa mtu au kwa stendi, chai inaongezwa bure au kila buli lina bei yake, na je, VAT imo? VAT ni asilimia 18, na tofauti huonekana: stendi ya 80,000 isiyo na kodi inakuwa 94,400, hapo bado ada ya huduma kama ipo. Watu wawili wasio na njaa wanaweza kuchukua stendi moja na buli la ziada. Baadhi ya hoteli huruhusu, nyingine hukataa, ni bora kujua kabla ya kuvaa.

Siku bora ni Jumanne hadi Alhamisi. Jumamosi bustani hujaa sherehe za mabibi harusi na za kina mama wanaotarajia, zenye muziki wake, na jikoni inazidiwa. Kati ya Machi na Mei, kisha Septemba hadi Novemba, mvua ya alasiri hushuka bila kubisha hodi. Weka nafasi bustanini lakini hakikisha kuna meza ya ndani iliyoandikwa jina lako. Foleni ya Jinja Road na ya Entebbe Road huanza kukaza saa kumi na nusu, kwa hiyo fika mapema kisha kaa. Jua huzama karibu na saa moja kasoro, usiharakishe kuondoka kabla ya hapo.

Vinavyobaki ni vyako, omba vifungiwe. Sandwichi za yai, kuku na samaki ziache, zimeshakaa joto muda mrefu. Skonzi zichukue: kesho asubuhi zinyunyizie maji kidogo, zifunge kwenye karatasi ya alumini, uziingize kwenye tanuri la nyuzi 160 kwa dakika tano hadi saba, na usizifungue mpaka chai iwe imeshamiminwa.